Honi za Vitus

Jumanne saa mbili asubuhi Jenoveva alikuwa mezani akichambua choroko, kichwa cha treni kilipopiga honi kando ya kikombe cha chai. Kichwa hicho kilikuwa cha bati, kirefu kama kiganja. Alitazama nyuma ya mlango. Jembe la mama yake halikuwepo. Mama alikuwa ameondoka bila hicho kichwa.

Vichwa hivyo alivitengeneza Vitus, rafiki yake tangu darasa la kwanza hapo Lembeni. Alikata makopo ya maziwa, akapanga vipande kwenye boksi la viatu, akaweka karatasi ya maelekezo aliyoiandika kwa mkono. Mnunuzi aliunga mwenyewe. Honi tu haikuwemo ndani ya boksi. Ukimaliza kuunga, ulimpelekea Vitus akakisukuma mezani, na kikienda bila kuvuta upande ndipo alipokifungia honi yake, ndogo kama punje ya mahindi. Cha Jenoveva alikirudisha mara nne.

“Hiki kimelewa, Jeni,” alimwambia. “Kakae nacho tena.”

Jenoveva, aliyeona haya hata kuuliza bei ya nyanya, kwa Vitus hakuona haya. Alikaa nacho tena.

Mwezi wa nne Vitus aligongwa na treni ya mizigo kwenye kivuko cha reli mwisho wa mji. Geti la hapo lilikuwa limeng'olewa likatengenezwe, na mlinzi wake akahamishwa. Siku ya tatu baada ya mazishi, vichwa vyote vya bati vya Lembeni vilipiga honi kwa pamoja, hata vile ambavyo havikuwahi kufungiwa honi. Dakika kumi baadaye treni ikapita. Ikawa hivyo kwa kila treni. Watu walisema afadhali. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba chake kinamwamshia mtoto, akawa anakifunika kwa sufuria.

Mama yake Jenoveva, Blandina, alikuwa na shamba ng'ambo ya reli. Sikio lake la kushoto halikusikia kabisa, na la kulia lilisikia likipenda. Kwa hiyo alikibeba kichwa kwenye kikapu alichokining'iniza kiunoni, kwa sababu kikipiga honi hutetemeka, naye aliusikia mtetemo mwilini.

Jenoveva alikichukua, akakishika mgongoni na si kwenye magurudumu, kama Vitus alivyomfundisha, akakimbia. Kutoka nyumbani hadi kivukoni ni mwendo wa robo saa.

Zebedayo alikuwa mlangoni pa duka lake. Chake kilining'inia juu ya mzani.

“Unakimbilia wapi, mwanangu? Bado dakika nane.”

“Shikamoo. Mama amekisahau.”

“Marahaba. Basi kimbia, hivi vya Vitus havijawahi kuchelewa.”

Kivukoni alimkuta bwana mwenye kizibao cha njano, ameshika saa na karatasi. Jenoveva alikuwa amewaandikia watu wa reli barua tatu kuhusu geti, na huyu ndiye aliyetumwa. Jina lake Anold.

“Shikamoo,” alisema Jenoveva akihema. “Umemwona mama mwenye kanga ya kijani?”

“Marahaba. Yule pale. Nimemwita, hageuki.”

Mama alikuwa katikati ya reli, ameinama. Ndala yake ilikuwa imenasa. Jenoveva aliita, lakini sauti yake haikuwa kubwa, haikuwa kubwa tangu utotoni. Kisha treni ikaingia kati yao.

Yalikuwa mabehewa ishirini na mawili. Katika kila nafasi kati ya behewa na behewa alitafuta rangi ya kijani. Hakuiona, hakuiona, akaiona, ikapotea. Treni ilipokwisha, mama yake alikuwa amesimama upande wa pili, mguu mmoja pekupeku. Ndala ilikuwa vipande viwili.

“Ilikuwa haijamaliza hata mwezi,” alisema mama.

Anold alitazama saa yake. “Dakika kumi kamili tangu honi zilipolia. Onyo linafanya kazi vizuri.”

“Lakini mama hakuwa nacho.”

“Hilo ni la mama,” alisema, akaandika.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, Zebedayo akaibandika dukani. Ilisema kivuko kina onyo la kutosha, hivyo geti halitarudishwa. Wasio na vichwa walishauriwa kuvuka pamoja na walio navyo. Watu waliisoma, wakanunua chumvi, wakaenda zao.

Jenoveva alishona mfuko wa kanga wenye kamba mbili. Kila asubuhi humfunga mama yake kichwa kile kiunoni, fundo juu ya fundo, na mama humwambia unanibana. Kisha hurudi mezani. Nyumbani sasa hakuna kinacholia. Huchambua choroko akitazama njia, na hajui kama treni inakuja.