Toi Haziguswi

Neno toi, la vitu vya kuchezea watoto, nililikuta mtaa wa matajiri wa Elgon View, nyumbani kwa Mama Nyakio. Kwetu Kimilili tulicheza, lakini kwa kigunzi cha mahindi kilichofungwa mgongoni na kitambaa, na ukikichoka kinaingia motoni kuivisha mboga. Kwa Mama Nyakio toi zilikuwa na kabati lao la kioo sebuleni, chini ya picha ya Rais: wanasesere wawili ndani ya plastiki zao, gari jekundu, treni, na dubu wa manyoya. Hata Nyakio mwenyewe hakuruhusiwa kuzishika. Zilikuwa za wageni, waone kwamba duka la baba yake linalipa.

Mimi nilikuwa yaya wao. Kule Langas nilikopanga chumba sikuwa na mtu wa kumwachia binti yangu Nanyama, kwa hiyo nilikubaliwa kuja naye kazini kwa sharti moja, kwamba asiguse kitu. Nanyama ni kiziwi. Homa ilimharibu masikio akiwa na mwaka mmoja. Mtoto anayesikia unamkanya kwa mdomo; huyu nilimkanya kwa kofi mkononi. Akinyoosha kidole kwenye kioo, namchapa. Akimtazama dubu kwa muda mrefu, namchapa pia, nisisubiri kosa lenyewe. Kisha naichukua mikono yake, naiweka nyuma ya mgongo, na kumkazia macho mpaka aelewe.

Alielewa haraka. Alipofika miaka mitano, akiona toi yoyote, hata iliyochorwa gazetini, mikono ilikwenda nyuma yenyewe. Mama Nyakio alinisifu mbele ya wageni kwamba mtoto wangu ana adabu kuliko wake. Nikafurahi, mjinga mimi.

Mwaka wa themanini na sita nesi mmoja wa zahanati aliniambia kuna shule ya bweni ya viziwi, na kwamba bwana mmoja angekuja mjini kuchagua watoto. Nafasi zilikuwa kumi na tano, na hawakuchukua mtoto aliyetimiza miaka saba. Nanyama alikuwa anatimiza saba mwezi wa Novemba. Ilikuwa mwaka huo au basi.

Huko wangemfundisha kuongea kwa mikono, kusoma, na kushona. Mimi na yeye tulikuwa na ishara chache za kubuni: kula, njoo, lala, hapana. Utamwelezaje mtoto kwa ishara hizo kwamba siku moja utakufa na atabaki peke yake? Hilo ndilo lililoninyima usingizi, wala si shida nyingine.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, tope hadi kwenye vifundo. Nilimvalisha sweta niliyoifua mara mbili. Tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi, na zamu yetu ilipofika, karibu ya mwisho, tukamkuta yule bwana wa shule, Bwana Shitanda, mtu mpole, hilo siwezi kumnyima. Akanionyesha kiti nyuma ya mtoto, akaniambia nisimsaidie kwa lolote. Halafu akafunua kitambaa mezani.

Chini yake kulikuwa na gari, mwanasesere, na vikombe vitano vya plastiki vya kuingiliana, kikubwa hadi kidogo. Hakuna aliyeniambia kwamba mtihani ni toi.

Nanyama akaweka mikono nyuma.

Bwana Shitanda akamsogezea gari. Akalisukuma mwenyewe, akatabasamu, akangoja. Mtoto alisimama wima kama askari kwenye gwaride. Aligeuka kunitafuta, nami nikaitikia kwa kichwa haraka kwamba shika, shika mama. Bwana Shitanda aliniomba nikasubiri nje ya mlango. Kabla sijatoka nilimweleza habari ya kabati, ya makofi, yote. Aliitikia kwa heshima, lakini nilijua ameshasikia visingizio vya mama wengi tangu asubuhi, na changu hakikuwa kizuri kuliko vyao.

Aliponiita tena, fomu ilikuwa imejazwa kwa wino.

"Pole, mama," alisema. "Si masikio peke yake. Akili yake bado sana. Shule haitamweza."

Nadhani alinihurumia, kwa sababu alichukua vile vikombe, kimoja kikiwa kimepasuka, akavitia kwenye bahasha na kunipa ili angalau mtoto achezee nyumbani.

Tulikaa kwenye ngazi za nje. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu, na mtu wa kupigwa nilikuwa mimi. Nikamwaga vikombe kwenye simiti, nikaanza kucheza mwenyewe, mtu mzima na leso yangu, navipanga ovyo. Nanyama alikuwa ananitazama usoni. Nikajilazimisha kucheka. Nikaitoa mikono yake nyuma, nikaibusu viganja.

Akavichukua. Akavitoa nilipokosea, akavitia kimoja ndani ya kingine, akavitoa tena, akajenga mnara, kikubwa chini, kidogo juu. Hakukosea hata kimoja. Ilichukua muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Nilimbeba nikakimbia. Bwana Shitanda alikuwa anapanda gari.

"Tafadhali mwone sasa," nikasema. "Anaweza."

Nanyama akavipanga pale chini, kando ya gurudumu. Yule bwana aliangalia mpaka mwisho, nikamwona uso umembadilika kidogo, kisha akaukaza.

"Mama, hii umemfundisha hapo nje saa hii."

"Nilichomfundisha mimi ulikiona kule ndani," nikamwambia. "Hii ni yake mwenyewe."

Akasema majina kumi na tano yamejaa na orodha imeshatiwa sahihi. Dereva akawasha gari, wakashika barabara ya Nakuru.

Nanyama sasa ana miaka kumi. Kutwa anapanga vitu kwa ukubwa, vijiko, mawe, vifuniko vya soda, halafu ananivuta gauni nikaone. Naenda, naona, naitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri, naye anacheka. Nimetafuta ishara ya kumwomba msamaha na sijaipata.