Mahali pa Kupumua

Mjomba amenilea, amenisomesha, na nilipofika miaka kumi na mitatu akanipa tuba, lile dude la shaba la kupuliza, unalolipakata kama mtoto asiyekua. Mimi nilitaka tarumbeta. Akasema tarumbeta ni pambo, tuba ni msingi, na msingi hauhamishwi. Wenzangu kwenye bendi yake wakaniita Msingi. Mwaka wa kumi na tisa huu, na jina hilo bado linanikera.

Jumamosi ile nilipanda jukwaani na barua mfukoni. Kiwanda cha mji mwingine kilikuwa kimenipa kazi ya ufundi mitambo, jibu lifike Jumatatu. Nilikuwa nimemwambia Mjomba mara tatu, na mara zote tatu akajibu tutazungumza baada ya onyesho. Kwetu baada ya onyesho huja onyesho jingine. Na nikitoroka tu, watasema shukrani ya punda ni mateke.

Wimbo wa mwisho aliutunga mwenyewe, kumkumbuka marehemu mkewe. Klarineti zinalia juu, na chini yake tuba inashikilia sauti moja bila kukatika. Zamani tuba tulikuwa watatu, tukipokezana pumzi: mmoja akivuta, wawili wanashikilia, na msikilizaji hajui kitu. Mmoja akastaafu, mwingine akahama. Nikabaki mimi, na kwenye karatasi yangu ya nota Mjomba akaandika kwa penseli nyekundu: Usipumue.

Ukumbi ulijaa. Nikashikilia mpaka nikaanza kuona nyota. Mjomba, fimbo ya kuongozea bendi mkononi, alinitazama kama mtu anayesema kidogo tu, vumilia kidogo tu. Hasira zikanipanda. Nikaondoa mdomo, nikavuta pumzi kwa makusudi, ndefu, ya kusikika, watu wote wajue nimechoka. Chini ya klarineti pakawa patupu. Zikayumba, zikaendelea kulia peke yao.

Niliona nafuu. Hatimaye nilikuwa nimemwambia.

Mtu mmoja safu ya mbele akaanza kulia, kisha wengine. Tulipomaliza walisimama wote, makofi hayaishi. Bibi mmoja akanishika mikono, akasema pale nilipokata ndipo alipomsikia mumewe akikata roho.

Nikamfuata Mjomba chumba cha kubadilishia nguo, barua mkononi. Alikuwa amekaa, macho mekundu, karatasi yangu magotini. Neno la zamani alishalifuta. Mahali pake aliandika: Pumua.

"Mpwa wangu," akasema, "miaka yote hii sikujua wimbo huu umepungukiwa nini. Kumbe ni pumzi yako. Hapo hapo, vile vile. Mwakani tutaupiga hivyo."

Akaninyooshea karatasi. Kitu cha Mjomba hakipokelewi kwa mkono mmoja. Nikairudisha barua mfukoni, nikaipokea karatasi kwa mikono miwili.