Machenza Mlangoni kwa Iwashita

Umegeuza uso tena. Nimekuona. Kiti cha mtu kikibaki kitupu unainamia simu yako, unajiambia labda ana shughuli. Wenzako hapa mtaani Koenji, Tokyo, walifanya hivyohivyo, na mimi ninayehutubia wapita njia stesheni kwa kipaza sauti sisahau.

Mkahawa wa Mama Tokunaga ni wa kusikiliza santuri. Viti vyote vimeelekea spika, hakuna kinachotazama kingine, na kuongea ni mwiko. Kila alasiri huwekwa santuri moja, *Chumba cha Pili*, ya Kuromiya Setsu. Ilipotoka, enzi zile Tokyo ilipolewa fedha, wakubwa walisema huo si muziki. Kuna wimbo mzima wa mtu anayeosha mchele huku kinanda cha umeme kikikwamakwama. Kuna mwingine Setsu anaimba amegeukia ukuta, anaguna, anaugulia, maneno huyapati. Leo wanamuziki vijana wanaiga hata kikohozi chake. Sisi wasikilizaji hatukufuata ufundi. Ukifumba macho unasikia kuna mtu chumba cha pili, anakupikia, anakungoja uamke. Na sisi, wengi wetu, hata hicho chumba cha pili hatuna.

Kiti cha pembeni kilikuwa cha mzee mmoja mwembamba, mwenye kofia ya sufu. Miaka na miaka tulisikiliza naye bega kwa bega. Kisha siku moja hakuja. Kesho yake hakuja. Siku iliyofuata Mama Tokunaga alimwekea kahawa kama kawaida, akaja kuiondoa ikiwa imepoa, na watu wote wakatazama spika.

Nikasimama, nikainua sindano kwenye santuri.

"We mzee wa kipaza sauti!" Mama Tokunaga akafoka. "Hapa si stesheni. Kahutubie hukohuko!"

"Mzee wa kofia anakaa wapi?"

Bwana mmoja akachungulia kikombe chake, kana kwamba jibu limezama humo.

"Kwani wewe unamjua?" akauliza Nagisa, binti wa saluni.

"Ningemjua ningeuliza?"

"Tutamsumbua bure," akasema Mama Tokunaga. "Mtu akitaka kuja, atakuja."

"Maiti hasumbuliwi, Mama. Huyo kastarehe kabisa."

Nagisa akavaa koti. "Huwa ana mfuko wa tofu. Ile ya Tsukahara, pale chini ya reli. Twende, baba, kabla hujapigwa."

Tsukahara alikuwa na mikono majini hadi viwikoni, akiopoa vipande vyeupe vya jibini hiyo ya soya. "Bwana Iwashita? Yuko juu ya duka la mashine za kufulia, ghorofa ya pili. Kanisusa siku hizi. Nikasema kahamia tofu ya supamaketi, msaliti yule!"

Tulipopanda ngazi tukasikia santuri ya Setsu ikiimba ndani. Nagisa akacheka kwa faraja. "Si huyo, anasikiliza!"

Lakini kwenye kitasa palining'inia mfuko wa machenza, umelowa mvua. Mlango wa jirani ukafunguka kidogo, akachungulia mama mmoja, Bi Morinaga.

"Ni yangu hayo," akasema kwa aibu. "Muziki wake unapita ukutani usiku na mchana. Mwanzo ulinikera. Sasa ndio unanilaza, naona kama nina mtu ndani. Nikataka kumshukuru."

"Ulimgongea?"

"Jamani! Nimgongee mtu hivihivi? Niliyatundika. Hakuyachukua, nikadhani hapendi machenza."

Nikashika kitasa. Mlango haukuwa umefungwa.

Iwashita alikuwa sakafuni kando ya meza, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, midomo imepasuka, macho wazi. Juu rafuni, asipofikia, mashine ya muziki ilirudia nyimbo zilezile yenyewe. Alikuwa ameita. Aliguna, akaugulia, akaita tena. Bi Morinaga alimsikia vizuri, akadhani ni sehemu ya wimbo. Na kwa santuri ile, nani angelilaumu sikio lake?

Nagisa akapigia gari la wagonjwa, akapiga magoti, akamdondoshea maji mdomoni kwa kidole. Bi Morinaga alikwama kizingitini akihangaika kuvua viatu.

"Ingia navyo!" nikampigia kelele.

Iwashita akasogeza midomo. "Zimeni."

Nikazima. Kilichobaki ni mashine za kufulia zikizunguka chini. Uso wake ukaingiwa na hofu.

"Semeni," akasema. "Chochote."

Mimi niliyehutubia mvua na polisi, sikupata neno. Ni Bi Morinaga aliyeingia na viatu vyake juu ya mkeka, akakaa, akaanza kumweleza kuwa machenza yametoka kwa dada yake aliyeko mkoani Ehime, kwamba dada yake ni mchoyo, kwamba mwaka huu katuma madogo. Alisema mpaka gari likafika. Iwashita hakumwachia macho hata mara moja.

Yeye aliwahiwa. Nimeshasimama kwenye milango mingi ambayo hatukuwahi. Kwa hiyo usiniambie hadithi imekugusa, sina haja na kuguswa kwako. Yule uliyemkumbuka ulipokuwa unasoma, huyohuyo, ondoka uende kwake sasa hivi. Usimtumie ujumbe. Gonga kwa mkono, mwite kwa jina, na kama jina hulijui, kaulize. Inuka!