Mpaka wa Hepatika

Jumanne ya wiki ya pili ya Julai, Wangechi alitoka nje na chujio la chai mkononi, akakuta mikebe yake yote arobaini na mmoja haina kitu ila udongo. Katikati ya kila mkebe palikuwa na shimo la upana wa kikombe. Alimwaga majani ya chai chini ya mti wa mbuni, kama alivyofanya kila asubuhi, kisha akaenda kutafuta maua yake.

Hakwenda mbali. Aliyaona kutoka kwenye ua, ng'ambo, katika shamba la shemeji yake Gikonyo. Hepatika zilikuwa zimejipanda zenyewe kwa mstari ulionyooka. Zilianzia kwenye mti wa makadamia kando ya barabara, zikapita nyuma ya kaburi la Kihara, zikakata nyasi za nepia, zikaingia ukutani mwa nyumba ya Gikonyo, zikatokea upande wa pili na kuteremka hadi kijitoni. Zote zilikuwa zimechanua, buluu tupu.

Kihara alikuwa mume wa Wangechi na kaka yake Gikonyo. Alikufa miaka sita iliyopita. Kule Mukurweini mpaka wa shamba hupandwa matoka, yale maua ya kitunguu kikubwa ambayo mzee huyapanda mbele ya mashahidi, na anayeyahamisha hulaaniwa. Siku ya mazishi hema ilikosa nafasi. Gikonyo alimfuata Wangechi jikoni, katikati ya wanawake waliokuwa wakimenya viazi, akamwuliza kwa upole kama matoka yangeweza kung'olewa kidogo. "Tutarudisha, Mama Anita," alisema. Wangechi alikuwa mjane wa siku tano. Hata wangemwomba mabati ya nyumba angesema toeni. Akasema toeni.

Gikonyo alitimiza neno lake. Aliyarudisha matoka yote, kwa kamba, bila kupoteza hata moja, hatua kumi na mbili kuelekea nyumba ya Wangechi. Wangechi alipoanza tena kutazama nje, vitunguu vilikuwa vimeshika mizizi, mpimaji wa ardhi alikuwa amekuja na kwenda, wazee walikuwa wamemwonyesha matoka kama mila inavyotaka, na kaburi la Kihara lilikuwa kwa Gikonyo. Kushoto kwa kaburi hilo palikuwa na nafasi ambayo Kihara mwenyewe alimwachia mkewe. Gikonyo alipojenga nyumba mpya hapo, na ua ulipofuata, Wangechi akawa anaomba ruhusa ya kwenda kupalilia, na Gikonyo akawa ana shughuli. Laana, kama ilikuja, haikumkuta nyumbani. Alinenepa.

Hepatika zilifika siku hizohizo za msiba. Anita, binti yake, alizileta kutoka Ujerumani anakofanya kazi ya uuguzi, mizizi sita ndani ya soksi iliyoloweshwa. Jani lake lina pande tatu kama ini la mbuzi, na ua lenyewe halizidi kifungo cha shati. Mmea huo hutaka baridi ndipo uchanue. Wangechi alikuwa amepima maziwa ya wakulima kwa miaka thelathini, kwa hiyo pale kiwandani walimruhusu kuweka mikebe yake katika chumba cha baridi kuanzia Aprili hadi Juni, nyuma ya madebe. Alizipenda kuliko alivyotarajia. Alijua pia kwamba hepatika haipendi kuhamishwa. Ukiihamisha mara moja hununa miaka miwili. Hizi zilikuwa zimehama na kuchanua siku moja. Aliandika hivyo katika daftari lake.

Ngendo, mke wa Gikonyo na mama yake Tabby, alimwita kutoka ng'ambo ya ua akiwa na ufagio.

"Mama Anita, maua yako iko kwa nyumba yangu. Tatu, hapo kati ya sofa na TV. Imetoboa simiti."

"Usizikanyage tafadhali."

"Mimi? Nimeziwekea stuli."

Gikonyo alizing'oa zote kwa jembe, akazirudisha kwa adabu, kila moja katika mkebe wake. Ilipofika chai ya saa kumi zilikuwa zimesharudi kwake, palepale. Alizing'oa siku tatu. Siku ya nne aliacha, kwa sababu ng'ombe hawajikamui.

Jumamosi wazee walikuja, wakiongozwa na Mzee Gatimu. Alikuja pia Seth, afisa wa kilimo kutoka Vihiga, akaeleza kwamba mbegu za hepatika hubebwa na sisimizi, jambo ambalo ni kweli. Gatimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaufuata mstari na fimbo yake, kutoka makadamia hadi kijitoni, akavua kofia alipopita sebuleni, akarudi.

"Hii ndio laini yenyewe," alisema. "Hapa ndio baba yao alipanda. Mimi ndio nilikuwa nimeshika kamba."

Wangechi aligeuka kulitazama kaburi.

"Mzee," Gikonyo akasema, "mpaka ya Mgikuyu ni nini?"

"Ni matoka."

"Na hii ni matoka?"

Gatimu aliinama kwa shida, akalishika jani kwa vidole viwili.

"Hapana," alisema. "Hii ni maua tu."

"Na kaburi je?" Wangechi aliuliza. "Mzee, si umesema wewe mwenyewe?"

"Nimesema, Mama Anita. Lakini matoka iko pale, na title ya shamba imefuata matoka. Tukianza kufuata kila ua, tutaishi namna gani?"

Wazee walikunywa chai na mkate. Waliyasifu maua sana.

Sasa watu huja kuyatazama, hata akina mama wa kanisa kutoka Murang'a. Gikonyo huvaa koti na kuwaeleza kuhusu jani na ini la mbuzi. Ngendo alilikata zulia matundu matatu ya mviringo na kuyapinda kingo kwa uzi wa buluu. Kiangazi kilipoanza, hepatika zilianza kulegea, na ikaonekana hakuna anayejua kuzimwagilia isipokuwa Wangechi. Akapewa ruhusa, Jumanne na Ijumaa. Kuhusu ile nafasi ya kushoto, Gikonyo alisema itaangaliwa wakati wake.

Mwenye nguvu mpishe. Wangechi hubisha hodi, hujipangusa miguu, huingia na kopo lake. Gikonyo huinua miguu yake bila kuacha kutazama habari.

"Maji isifike kwa carpet, Mama Anita."

"Haitafika, Baba Tabby."

Humaliza zote, na ile ya nyuma ya kaburi huiacha ya mwisho. Ruhusa ni ya kumwagilia maua, si ya kukaa kaburini, na ua moja linahitaji nusu kikombe tu. Wangechi amejifunza kuimimina hiyo nusu tone kwa tone.