Sauti ya Trekta

Mume wangu amefundisha kwaya maisha yake yote, halafu masikio yakamgeuka. Si kwamba hasikii kabisa. Sauti nyembamba ndizo zilizompotea, na muziki kwake umekuwa vurugu tupu. Akaacha kuimba. Nyumba ikapooza, nami roho ikawa inaniuma.

Mimi ni fundi redio, na mdomo ninao. Nikamwambia dada yangu, anayekaa nasi, kama nyimbo zimemkimbia, nitamtengenezea sauti itakayobaki. Nikaanza kuunda sinthesaiza, ala ya umeme ya vipande: kimoja kinatoa sauti, kingine kinaichuja, unaviunganisha kwa nyaya fupi upendavyo. Meza ya chakula ikageuka karakana.

"Tutakula wapi sasa?" dada akauliza.

"Kula umesimama, utapungua."

Kipande cha sauti kilipokamilika nikamwita mume wangu. Akazungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho. Lo, sauti tamu ajabu! Yeye akanitazama tu.

"Umeiwasha?" akauliza.

Nilitamani kuitupa dirishani. Akaona uso wangu, akazungusha tena kwa adabu, kisha akaenda zake kulala kidogo.

Nikakigeuza kipande, nikakikagua. Ndipo nikauona ujinga wangu. Nilikuwa nimeweka rezista, kidude cha umeme, kuzuia kitufe kisishuke chini mno, kwa sababu kule chini sauti inakwaruza, inanichefua. Jamani! Nilikuwa nimemtengenezea muziki wa masikio yangu mwenyewe. Nikaing'oa, nikalehemu kipande cha waya mahali pake, nikaenda kumwamsha.

Safari hii alipozungusha, vikombe vilitetemeka kabatini. Dada akaziba masikio. "Mungu wangu, mmeleta trekta ndani!"

Mkono wa mume wangu ukasimama. Akarudisha kitufe kidogo, akakishusha tena, akainamisha kichwa.

"Hiyo ni do," akasema polepole, kama anayeipa kwaya noti ya kuanzia.

Akavuta pumzi, akaimba. Sauti yake ilikuwa imejaa kutu, lakini ilikaa juu ya ile ya kipande changu barabara, haikuteleza hata kidogo. Dada akashusha mikono. Mimi nikashindwa kujizuia, nikaangua kilio pale pale, na maneno chungu nzima yakinitoka kwa sauti nyembamba.

Akaacha kuimba, akanigeukia.

"Mke wangu, naona mdomo tu. Shuka kwenye besi kidogo, nikusikie."