Mitungi Iliyotoka Sinemani

Jumanne moja ya Agosti 1955, Naliaka alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba namba kumi na saba, landhi za wafanyakazi wa reli, Nakuru, akiviringisha gunzi la hindi kwenye shingo ya mtungi mbichi. Gunzi liliacha vijishimo vilivyojipanga kama meno ya mtoto. Mumewe, Wamalwa, fundi wa breki za mabehewa, alikuwa kazini. Jirani yake Kuluthum, ambaye babake alitoka Lamu zamani kuja kupikia wajenzi wa reli, alikuwa akikaanga maandazi mlango wa pili. Upepo ulileta harufu ya magadi kutoka ziwani.

Gari la sinema likasimama hapo. Wakashuka Bwana Fenwick, karani wake Kipkemei, na wanaume wawili wenye kamera na taa. Nyuma ya gari alifungwa punda wa kukodi, kwa sababu Bwana Fenwick aliamini picha haiwezi kupendeza bila mnyama. Walikuwa wakitengeneza filamu kuhusu kazi za mikono za Bonde la Ufa. Walikuwa wameshampiga picha mshona viatu wa kule Bahati na mama mmoja wa Njoro apambaye vibuyu kwa shanga. Sasa walimtaka mfinyanzi.

"Muulize jina lake," Bwana Fenwick alimwambia Kipkemei.

Naliaka alitazama viganja vyake. "Mwambie angoje mtungi ukauke. Mkono wenye udongo mbichi hautaji jina la mwenyewe. Mama alinifundisha hivyo kule Bungoma. Ukilitaja, mtungi unapasuka."

"Utakauka lini?"

"Kwa jua hili? Ijumaa."

Kipkemei akatafsiri. Bwana Fenwick akatabasamu na kuandika kitu kwenye daftari. Walikaa siku tatu, na kila siku waliuliza jina. Lakini Bwana Fenwick alitaka mikono ya Naliaka isipumzike mbele ya kamera, kwa hiyo kila walipouliza, palikuwa na mtungi mbichi mwingine magotini pake. Alhamisi jioni wakaondoka.

Ijumaa mitungi ilikauka. Naliaka akanawa mikono, akavaa gauni lake la kanisani, akasimama kando ya barabara mpaka jua lilipoingia, tayari kutaja jina.

Filamu ilifika Machi iliyofuata. Ilionyeshwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa landhi, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi, na shuka nyeupe imetandazwa ukutani. Kwanza yalikuja majina: la Bwana Fenwick kwa herufi kubwa, la mshika kamera, la mshika taa. Kisha punda akatokea amebeba udongo, na sauti ya filamu ikasema kwa Kiswahili safi, "Punda huyu mtiifu anaitwa Rosi."

Ukumbi mzima ulimpigia Rosi makofi.

Kisha ikaonekana mikono ya Naliaka, na sauti ikasema, "Mwanamke mmoja wa kienyeji, ambaye jina lake hata mwenyewe hakulijua, anafinyanga mtungi."

Kuluthum akamgusa kwa kiwiko. "Shoga, punda amekushinda."

"Punda hajui kufinyanga," Naliaka alisema.

Sehemu yake ilipokwisha, mtungi uliokuwa kwenye picha ulitoka kwenye shuka, ukaanza kuteremka polepole. Kipkemei, aliyeileta filamu na kuendesha mtambo wa sinema, aliacha mtambo akaupokea. Ulikuwa mbichi, unateleza.

"Usiuweke kwenye simenti, utanata," Naliaka alisema kutoka benchi lake. "Upitisheni nje, kivulini."

Ukapita mkono kwa mkono, safu kwa safu, hadi mlangoni. Naliaka aliukagua, akapitisha kidole gumba ndani ya mdomo wake. "Ni wangu," alisema. "Ila hapa nilikuwa na haraka."

Filamu ilionyeshwa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kila ilipoonyeshwa mtungi mmoja ulitoka. Watu wa landhi waliichukua mitungi hiyo kwa zamu. Mwenye zamu aliweka mtungi kivulini, na Ijumaa aliugonga kwa ukucha. Ukilia mkavu, alisema, "Asante, Naliaka," ndipo akauchoma. Zamu ya Mzee Kosgei ilipofika, alisema asante mara tatu kwa sababu sikio lake moja lilikuwa halisikii na hakuwa na hakika kama amesema.

Mwezi mmoja Masinde, mchochea makaa wa garimoshi, alichoshwa na ile sauti. Ilipofika kwenye "hata mwenyewe hakulijua," alisimama kwenye benchi akapaza sauti, "Anaitwa Naliaka!" Mtungi ulitoka umepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Masinde alimchotea Naliaka maji wiki mbili kuomba radhi. Tangu hapo ukumbi ulinyamaza kabisa mahali pale.

Wamalwa hakuridhika. Kipkemei alimwandikia barua kwenda ofisi ya filamu, kuomba jina la mkewe litiwe mahali pake, kwa kuwa hata la punda limo. Jibu likaja na mhuri: filamu imeshakamilika na jina lililoandikwa halitoshi, lakini ikiwa afisa atapita huko, ataweza kulirekodi jina kwa mdomo wa mwenyewe au wa mumewe.

Mvua za masika za 1958 zilileta homa, na Naliaka akafariki. Wamalwa alimpeleka kwao Bungoma akamzika, akakaa huko wiki tatu. Jumamosi aliyorudi, ukumbi ulimwachia benchi la mbele.

Filamu ilionyesha zaidi mikono ya Naliaka. Uso ulionekana mara moja tu, alipoinua macho kutazama jua lilipofika. Wamalwa alingoja hapo. Kisha mtungi ukateremka, naye akaupokea. Ulikuwa na joto la viganja. Aliushika kitambo, akaupitisha nyuma, kwa sababu zamu ilikuwa ya Nuria, mke wa muuza nyama.

Baada ya hapo, yeye ndiye aliyekuwa akipokea kila mwezi.

Afisa alikuja Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Alikuwa kijana, Bwana Crowther, amebeba mashine ya kunasa sauti. Alikuwa ameikuta barua ya Wamalwa kwenye jalada na ikamsikitisha. Aliingia ukumbini mtungi ukiwa umefika safu ya mwisho, mikononi mwa Kuluthum.

"Nani ataniambia jina la mama huyu?" aliuliza.

Ukumbi mzima ukainua mikono. Yote ilikuwa na udongo.

"Ngoja Ijumaa, Bwana," Kipkemei alisema.

"Treni yangu ni saa kumi na nusu."

Alimwendea Wamalwa, akamwekea kipaza sauti mdomoni. Wamalwa alitazama viganja vyake. Kuluthum aliukumbatia mtungi kifuani kama mtoto anayetaka kulia.

"Sema, shemeji," alisema. "Huu na upasuke. Mwezi ujao atatuletea mwingine."

Wamalwa alikisogeza kipaza sauti kando.

"Walimuuliza mara tatu," alisema. "Hakupasua hata mmoja ili atajwe. Mimi nitaupasua wake?"

Bwana Crowther aliangalia saa. Alisema anasikitika, na alisikitika kweli. Alimpa Wamalwa mkono, akaondoka na udongo kiganjani, na treni ikaondoka kwa wakati.

Ijumaa mtungi ulilia mkavu. Zamu ilikuwa ya Kuluthum. Alimwita Wamalwa, wakasema pamoja, "Asante, Naliaka," kisha akampa maandazi matano na kumwambia amekonda.

Oktoba filamu ikaonyeshwa tena. Watu wakampigia Rosi makofi kama kawaida. Sauti ikasema, "Mwanamke mmoja wa kienyeji, ambaye jina lake hata mwenyewe hakulijua." Benchi la mbele, Wamalwa alikunja mikono ya shati lake, na nyuma yake, safu kwa safu, watu wote wakakunja yao.