Kidole Kilichokamatwa na Anwar

Mbwana alikuwa jikoni kwake Vingunguti, anakoroga chai ya asubuhi, kidole cha kati cha mkono wa kulia kikajikunja na kugoma kunyooka. Alipoinua macho alimkuta Anwar amekaa juu ya ndoo ya maji, amekikamata kidole kile.

Anwar alikuwa muuza soksi pale Buguruni. Ijumaa iliyopita Mbwana, ambaye ni mgambo, alimtaka aachie mzigo wake, akakataa. Mbwana akamshushia rungu la kichwa. Alipoanguka alimpiga tena, na tena, mpaka soksi nyeupe zikalowa damu. Walimzika Jumamosi. Kituoni ilisemwa kwamba aliteleza.

"Shikamoo," Anwar alisema, maana Mbwana alikuwa mkubwa kwake.

"Marahaba. Niachie kidole."

"Mzigo sikuachia, niachie kidole?"

Kazini, rungu likawa linamponyoka. Msimamizi wake, Cyprian, akamwita pembeni. "Braza, mgambo asiyeshika rungu ni mpita njia tu. Katibiwe."

Famasi walimpa dawa ya kuchua. Mkandaji mmoja wa viungo, wa Temeke, alikivuta kidole mpaka Mbwana akamtukania mama, na kidole kikavimba. Mwishowe shemeji yake akamwelekeza kwa Dokta Sekela, mpasuaji wa mikono, Kinondoni. Alikwenda na Anwar, anayevuja damu kisogoni, wakakaa benchi moja.

"Huyu ndugu yako?" nesi aliuliza.

"Hapana. Marehemu."

"Basi asimame. Benchi ni ya wagonjwa."

Anwar akasimama.

Dokta Sekela alibonyeza kiganja, akakuta kijivimbe chini ya kidole. Alieleza kwamba njia ya kano imebana, kwa hiyo ataikata njia hiyo kidogo ili kano ipite. Kisha akamtazama Anwar.

"Nani alikupasua hivi?"

"Huyu hapa."

Daktari aliliangalia lile fuvu lililobonyea, akaliangalia kwa makini. "Mimi natibu mikono," alisema, akavuta dawa ya ganzi.

Ganzi ilishika kiganja tu. Kisu kilipoingia, Mbwana aliyapokea kichwani mwake mapigo yote aliyompiga Anwar, kwa mpangilio wake, hata lile la mwisho alilopiga wakati mwenzake ameshanyamaza. Mdomo ukajaa damu. Akalia kwa sauti.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Mke wangu yuko getini," Anwar alisema. "Kamwambie yeye ulichofanya." Akakiachia kidole.

Nesi alimpa Mbwana maji asukutue, akamfunga bandeji.

Getini alisimama Zubeda, mke wa Anwar, kanga ya msiba kichwani. Mbwana alisimama mbele yake, akafungua mdomo. "Habari za saa hizi, dada," alisema, akapita.

Zubeda akamgeukia mumewe, aliyekuwa akija nyuma. "Wamesemaje?"

"Wamesema atapona."

"Haya. Twende."

Nyuzi zilipotolewa, Mbwana akarudi Buguruni. Asubuhi ya kwanza alimkuta Marietha, muuza vitumbua, ameweka karai lake kando ya barabara. Alimwambia aondoke. Marietha akaomba amalizie vitumbua vilivyokuwa motoni. Mbwana alimpiga mgongoni, kisha mkononi, mafuta ya moto yakamwagikia Marietha miguuni, mayowe yakatanda barabara nzima.

Cyprian alisogea kuangalia.

"Kidole vipi?"

Mbwana akakikunja, akakikunjua. Hakikukwama.